Nafsi Isiyo na Msikilizaji: Uzungumzi Nafsia wa Makbeth na Huduma ya Ungamo

Kitabu cha Mithali (20:5) kinayafananisha mashauri ya moyoni na maji yaliyo kilindini, ambayo hayatekwi ila na mtu mwenye ufahamu. Kila mchungaji anajua jinsi neno hilo lilivyo kweli. Mtu huketi mbele yetu, tunamuuliza habari za nyumbani, anajibu kwamba ni nzuri, tunaomba naye, anaondoka, na maji ya kilindini yamebaki kilindini. Watunzi wa tamthilia wana kamba yao ya kuyatekea maji hayo. Humwacha mhusika peke yake jukwaani, wakampa nafasi ya kusema kwa sauti yale anayoyawaza, nasi watazamaji tukasikia yale ambayo mkewe, rafiki yake na adui yake hawayasikii. Walimu wa fasihi huiita mbinu hiyo uzungumzi nafsia.

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba uzungumzi nafsia hufunua mawazo na hisia za mhusika, na hasa dhiki ya roho ya shujaa wa tanzia. Jibu hilo ni sahihi. Lakini sisi tunaosoma kwa macho ya imani tunapaswa kuuliza zaidi. Kwa nini mtu huyu anasema peke yake? Je, alikosa wa kumwambia, au alimwogopa? Na siku anapomwambia mtu mwingine, anapokea jibu gani? Kwa maswali haya matatu tunataka kuisoma Makbeth, tamthilia ya Shakespeare iliyofasiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi na kutolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1968.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini mkusanyiko wa makala za imani utafute mafundisho katika hadithi ya mauaji, wachawi na mizimu. Tunaichagua kwa sababu ndani yake kazi ya Kanisa inahitajika mara tatu, na mara zote tatu haipatikani. Mtu mmoja anatafuta kusema Amina na hawezi. Mwanamke mmoja anahitaji mhudumu wa Mungu na hakuna anayemwita. Mgonjwa mmoja anaomba dawa ya moyo na anaambiwa ajitibu mwenyewe. Tukiufuata uzungumzi nafsia hatua kwa hatua, tutaona jinsi mambo yalivyofika hapo.

Anajua, wala hajidanganyi

Makbeth ni jemadari wa Uskoti aliyetoka vitani na ushindi. Wachawi watatu wamemtabiria kwamba atakuwa mfalme, na mkewe amekwisha kukata shauri kwamba Mfalme Duncan, ambaye usiku ule ni mgeni wao, auawe akiwa kitandani. Katika onyesho la saba la sehemu ya kwanza, mfalme yumo ukumbini anakula. Makbeth anaiacha karamu, anatoka, anasimama peke yake na kuanza kusema.

Kwanza anajiuliza kama tendo lile lingeweza kuishia palepale lilipotendwa. Kama lingeishia hapo, yuko tayari hata kuuhatarisha uzima ujao. Lakini anajua kwamba haliishi: anayewafundisha wengine kumwaga damu hurudiwa na mafundisho yake mwenyewe. Kisha anahesabu vifungo vinavyomfunga kwa Duncan. Ni ndugu yake. Ni mfalme wake. Ni mgeni wake, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kumfungia mlango muuaji, wala si yeye kushika kisu. Sisi watu wa Rungwe hatuhitaji kufafanuliwa kifungo hiki cha tatu. Mgeni aliyelala chini ya paa lako yuko mikononi mwako, na likimpata jambo, ukoo wako wote utaulizwa. Mwisho Makbeth anakumbuka upole wa mfalme, anaona jinsi malaika na huruma yenyewe, kama mtoto mchanga, watakavyolitangaza tendo hilo hadi kila jicho lilie. Na anakiri kwamba hana sababu yoyote ya kuua isipokuwa tamaa ya makuu.

Tuyapime maneno haya kama mchungaji anavyoyapima maneno ya mtu aliyekuja kutubu. Hayana upungufu. Anaijua dhambi kwa jina lake, anajua anamkosea nani, hamtupii lawama mkewe wala wachawi, na hataji udhuru. Ungamo la namna hii hatulisikii mara nyingi. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba watu hutenda maovu kwa sababu hawajaelimishwa haisimami hapa. Dhiki ya Makbeth ni ile aliyoieleza Mtume Paulo katika Warumi 7, ya mtu anayelijua jema, analikubali, na bado halitendi. Uzungumzi nafsia unatuonyesha nafsi inayoona vizuri, na inayoona pia kwamba kuona peke yake hakumwokoi mtu.

Sababu zilizobaki nje ya mlango

Mara mkewe anaingia. Hapa ndipo wasomaji wengi hupita haraka, nasi tunaomba pasomwe polepole. Makbeth anamwambia mkewe kwamba hawataendelea tena na jambo lile. Anatoa sababu gani? Anasema mfalme amemheshimu siku za karibuni, watu wa kila aina wanamsifu, naye angependa kuivaa heshima hiyo ingali mpya.

Undugu uko wapi? Ugeni uko wapi? Wako wapi malaika na mtoto mchanga? Vyote vimebaki nje ya mlango. Dakika moja iliyopita mtu huyu alikuwa na sababu za kweli, nzito, za kumcha Mungu. Mbele ya mkewe ametoa sababu moja tu, nayo ni ya sifa. Na hoja ya sifa hushindwa kwa hoja ya sifa. Mkewe anamwita mwoga, anamuuliza kama yeye ni mwanamume, na baada ya maneno machache Makbeth amekubali.

Ni desturi kumlaumu mwanamke huyu, na lawama zake anazo. Lakini haki itendeke: zile sababu za kweli hakuzisikia kamwe. Hatuwezi kujua angejibu nini kama angezisikia. Tena Shakespeare ametuachia dokezo. Usiku ule, akimsubiri mumewe peke yake, mwanamke huyu anasema kwamba angemuua mfalme kwa mkono wake mwenyewe kama usingizini asingefanana na baba yake. Neno hilo naye analisema akiwa peke yake, na mumewe halisikii. Basi katika nyumba moja kulikuwa na watu wawili, kila mmoja na sehemu laini moyoni aliyomficha mwenzake, kila mmoja akimwonyesha mwenzake ugumu tu. Kama kila mmoja angemtolea mwenzake maneno aliyoyasema peke yake, Duncan angeamka asubuhi. Wachungaji tunaofundisha wachumba kabla ya ndoa tungeweza kuwasomea maonyesho haya mawili, na somo lingeeleweka bila maelezo mengi.

Kwa kulinganisha, tumtazame Brutus katika Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kupitiwa upya mwaka 1969. Brutus naye yuko peke yake usiku, bustanini kwake. Anaanza na hukumu, kwamba Kaizari lazima afe, ndipo anatafuta ushahidi. Anakiri kwamba yeye hana kisa naye, na kwamba Kaizari bado hajafanya ubaya wenyewe. Basi anamhukumu kwa ubaya ambao huenda akaufanya akivikwa taji. Makbeth anausema ukweli kisha anauasi. Brutus, ambaye ni mtu mwema kuliko Makbeth, anatengeneza uongo wenye sura ya haki, kwa sababu katika mahakama ile ya usiku yeye ndiye mshitaki, ndiye hakimu, na hakuna wa kumuuliza ushahidi uko wapi.

Wote wawili wamepoteza usingizi. Brutus anasema hajalala tangu alipochochewa dhidi ya Kaizari, na Makbeth baada ya kuua anasikia sauti ikimtangazia kwamba hatalala tena. Salamu yetu ya Kinyakyusa, Ugonile, kwa asili yake humuuliza mwenzako kama amelala. Tunaitamka kila asubuhi na kupita. Kuna watu ambao wangeijibu kwa ukweli, mazungumzo yangekuwa marefu.

Amina iliyokwama

Kabla ya mauaji Makbeth anaona kisu kikielea gizani mbele yake. Jicho linakiona, mkono haukishiki. Uzungumzi nafsia huu wa pili unaonyesha mtu aliyeanza kugawanyika: viungo vyake havikubaliani tena juu ya kilichopo na kisichopo. Baada ya mauaji anarudi kwa mkewe na mikono yenye damu, na sasa, kwa mara moja, anamletea ukweli wa moyo wake. Anamweleza kwamba watu wawili waliokuwa wamelala chumba cha pili walizinduka, mmoja akaomba baraka ya Mungu, mwingine akaitikia Amina. Yeye akasimama akisikiliza, akataka kuitikia pamoja nao, na neno likakwama kooni. Anamuuliza mkewe kwa nini, maana yeye ndiye aliyeihitaji baraka kuliko wote.

Hilo ni swali la kichungaji kabisa. Ni swali la mtu anayetambua kwamba amejitoa mwenyewe katika ushirika wa wanaoomba. Jibu analolipata ni kwamba asiyawaze mambo hayo kwa kina, yatawatia wazimu, na kwamba achukue maji anawe mikono. Mkewe hakusema hivyo kwa ukatili. Naye anaogopa, na mtu mwenye hofu hawezi kuubeba ukweli wa mwingine. Lakini Makbeth amejifunza jambo: alifungua mlango, hakukuwa na mtu wa kumpokea.

Tangu hapo uzungumzi wake na nafsi yake unabadilika. Katika sehemu ya tatu, akiwa mfalme, anasimama tena peke yake. Msomaji aliyeyashika maneno ya kwanza ataona mara moja kilichopotea. Hamna tena malaika, mgeni, wala mtoto mchanga. Anahesabu hasara. Analalamika kwamba amempa adui wa wanadamu hazina yake ya milele, na faida itawaendea watoto wa Banquo, ambao kwa utabiri wa wachawi ndio watakaotawala baadaye. Bado anausema ukweli, anajua kabisa kwamba ameiuza roho yake. Kinachomuuma sasa ni kwamba ameiuza kwa hasara. Kisha anapanga kumuua Banquo, na safari hii anamficha hata mkewe, akimwambia ni afadhali asijue.

Hatua ya mwisho iko katika sehemu ya tano, anapoletewa habari kwamba mkewe amekufa. Maneno anayoyasema pale ni maarufu duniani kote: siku zinajikokota, maisha ni kivuli, ni kelele zisizo na maana. Wapo wanaoyanukuu kama hekima. Yafaa tuwe waangalifu. Mhubiri naye alisema kwamba yote ni ubatili, lakini aliendelea mpaka akafika kwenye kumcha Mungu na kuzishika amri zake (12:13). Makbeth haendi popote. Tukilinganisha na maneno yake ya kwanza, haya ni taarifa ya mwisho ya ugonjwa: hakuna hofu tena, hakuna kujuta, hakuna hata machozi ya mke. Mtu aliyeanza kwa kusikia malaika wakipiga tarumbeta amemaliza kwa kutosikia chochote chenye maana.

“Ajitibu mwenyewe”

Mkewe alikufaje? Alikuwa akitembea usingizini. Katika onyesho la kwanza la sehemu ya tano anatoka na taa mkononi, anasugua mikono isiyotakata, anayataja mauaji moja baada ya jingine. Huu nao ni uzungumzi nafsia, ila una jambo la pekee: wapo wanaousikia. Mtumishi wake wa kike amekuwa akiusikia siku nyingi na hathubutu kuyarudia maneno yale. Tabibu naye sasa anayasikia. Anatambua vizuri kwamba mgonjwa huyu anahitaji mhudumu wa Mungu kuliko anavyohitaji tabibu. Utambuzi wake ni sahihi kabisa. Kisha anafanya nini? Anaomba Mungu awasamehe wote, anaagiza vitu vya hatari viondolewe karibu naye, anasema kwamba ana mawazo lakini hathubutu kuyatamka, anaenda zake kulala. Mhudumu wa Mungu haitwi.

Muda si mrefu Makbeth mwenyewe anamuuliza tabibu yule kama hana dawa ya kuutibu moyo wenye ugonjwa, kuing'oa huzuni iliyoota mizizi katika kumbukumbu. Anauliza kwa ajili ya mkewe, lakini yeyote mwenye masikio anasikia kwamba anajiulizia pia. Tabibu anamjibu kwamba katika jambo hilo mgonjwa hujitibu mwenyewe.

Jibu hilo tumelisikia mahali pengine. Katika Mathayo 27 Yuda anawarudia wakuu wa makuhani na wazee, anarudisha vile vipande 30 vya fedha, anakiri waziwazi kwamba amekosa na kwamba amesaliti damu isiyo na hatia. Amekuja hekaluni, kwa watu waliowekwa kupokea maungamo ya wenye dhambi. Nao wanamwambia kwamba hilo haliwahusu, ni juu yake mwenyewe. Yuda akatoka akajinyonga.

Hapa ndipo somo letu linapokaza. Tunazoea kusema kwamba tanzia hutokana na dosari ya shujaa. Ni kweli, na dhambi ya Makbeth ni yake, wala hatumwondolei. Lakini uzungumzi nafsia unatuonyesha sehemu nyingine ya kisa. Nafsi yenye dhiki kwa kawaida hufika siku ikajaribu kusema na mtu. Ikirudishwa kwake yenyewe siku hiyo, ndipo mlango hufungwa. Mke alimrudisha mume kwenye maji ya kunawa. Tabibu alimrudisha mgonjwa kwa mgonjwa. Makuhani walimrudisha Yuda kwa Yuda.

Je, haya ni ya Ulaya tu?

Msomaji wa Matwebe au Tukuyu anaweza kusema kwamba ugonjwa huu ni wa watu wanaoishi kila mtu peke yake, na kwamba Mwafrika hakai na jambo moyoni. Zamani kulikuwa na ukweli katika hilo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika vitabu vyake vya 1957 na 1959 jinsi wazee wetu walivyoihesabu hasira iliyofichwa kuwa hatari, hata kuleta ugonjwa. Watu wa ukoo walipokutana kwa ibada walitakiwa kwanza kuyatoa yaliyo moyoni mbele ya wenzao, na kupuliza maji kutoka kinywani kulikuwa ishara ya kuitoa hasira hiyo. Hatusemi turudi kwenye matambiko. Tunasema tu kwamba wazee walijua lile ambalo tabibu wa Makbeth hakulijua, yaani kwamba moyo hautibiwi na mwenye moyo peke yake.

Lakini kuwa katikati ya watu hakumhakikishii mtu kusikilizwa. Ebrahim Hussein ametuonyesha hilo katika Kinjeketile, tamthilia iliyotoka mwaka 1969 kuhusu Vita vya Majimaji. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani kule Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kinjeketile wa tamthilia anaingia majini akiwa katika hali isiyo ya kawaida na kutoka na neno la umoja na dawa ya maji. Baadaye, akili zikimrudia, anatambua kwamba katika maneno yaleyale alitamka pia kwamba watakuwa watu wa Seyyid Said. Hapo roho yake inachafuka. Anaona kwamba neno lililotoka kinywani mwake sasa linawaongoza watu, wala yeye hawezi tena kuliongoza. Rafiki yake Kitunda anamsikia, lakini hana la kumpa. Nje kuna umati unaomshangilia, na kadiri umati unavyoongezeka ndivyo shaka yake inavyokosa pa kusemewa. Viongozi wa dini tunapaswa kulisoma onyesho hilo kwa kujichunguza, kwa kuwa mtu anayesikilizwa na wengi kila Jumapili anaweza kuwa ndiye mwenye upungufu mkubwa wa mtu mmoja wa kumsikiliza yeye.

Kutoka kwenye nafsi kwenda kwa Baba

Biblia haiukatazi uzungumzi nafsia. Injili ya Luka imejaa watu wanaosema moyoni mwao. Tajiri wa Luka 12 anashauriana na nafsi yake juu ya ghala, na katika shauri lake lote hakuna mtu mwingine: ni mavuno yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Sauti ya pili inapoingia ni ya Mungu, na inaingia usiku wa kufa kwake. Mwana mpotevu wa Luka 15 naye anasema peke yake, kati ya nguruwe. Tofauti ni kwamba maneno yake yana mpokeaji tangu mwanzo, kwa sababu anayapanga yale atakayomwambia baba yake. Kisha anainuka, anakwenda. Na tuangalie vizuri aya ya 21 na 22. Yale aliyoyapanga hayamaliziki. Ombi la kufanywa kama mtumishi wa mshahara alilolikusudia halipati nafasi, kwa sababu baba amekwisha kuagiza vazi. Uzungumzi nafsia wa Makbeth ulikatizwa na mke aliyekuja kumhimiza kuua. Huu ulikatizwa na rehema.

Zaburi ya 42 na ya 43 zinafundisha njia hiyohiyo. Mwimbaji anaiuliza nafsi yake mara tatu kwa nini imeinama, na kila mara anaielekeza kumtumaini Mungu. Haikatazi nafsi kusema, wala haiachi ijijibu yenyewe.

Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliipita njia hiyo katika vitabu vyake viwili. Karibu na mwaka 387, kabla ya kubatizwa, aliandika mazungumzo kati yake na akili yake mwenyewe, akayapa jina la Kilatini Soliloquia, ambalo lugha za Ulaya zimelichukua kuwa jina la mbinu tunayoijadili. Miaka kama 10 baadaye alianza kuandika Maungamo. Mtu ni yuleyule, na dhiki nyingi ni zilezile. Lakini katika kitabu hiki cha pili anamsemesha Mungu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na tunasoma kama watu walioruhusiwa kusikia mazungumzo yenye majibu.

Kazi iliyo mbele ya sharika zetu

Luther, alipofundisha Waraka kwa Warumi mwaka 1515 na 1516, alimweleza mwenye dhambi kuwa mtu aliyejikunja ndani ya nafsi yake. Ni vigumu kupata picha bora ya Makbeth. Na mtu aliyejikunja hivyo hajikunjui mwenyewe, hukunjuliwa na neno linalotoka nje yake. Ndiyo maana Luther hakuliondoa ungamo la siri. Katika mahubiri yake ya Machi 1522 kule Wittenberg alikataa watu wasilazimishwe kuungama, lakini akasema yeye mwenyewe hataliacha ungamo hilo hata kwa hazina za dunia nzima. Katekisimo Ndogo ya 1529 inalifundisha, na Ungamo la Augsburg la 1530, katika kifungu cha 11, linasema ondoleo la dhambi la mtu mmoja mmoja lidumishwe katika makanisa.

Tumelidumisha? Tunalo ungamo la pamoja kila Jumapili, nalo ni jema. Lakini tunalisoma kwa haraka, na ondoleo linatamkwa kwa wote kabla mtu hajapata nafasi ya kulitaja lake. Ungamo la mtu mmoja mmoja katika sharika nyingi limebaki kwenye katekisimo. Yako pia mambo mawili yanayowafanya watu wabaki na uzungumzi nafsia wao. La kwanza ni hofu kwamba lililosemwa ofisini litasikika kwenye kikao cha wazee, au litatokea mimbarani likiwa mfano bila jina, ambao kijiji kizima kinamjua mwenyewe. La pili ni namna tunavyoendesha nidhamu ya Kanisa. Binti aliyeonekana na mimba hutengwa na kusimamishwa mbele ya usharika ili arudi kundini. Ambaye dhambi yake haionekani hukaa kimya na kushiriki Meza ya Bwana. Kwa mtindo huo tunawafundisha watu kwamba kosa ni kugundulika, na kwamba mwenye busara husema na nafsi yake tu.

Marekebisho yanayohitajika hayadai fedha. Mchungaji atangaze siku na saa ambapo mtu anaweza kuja peke yake. Yanayosemwa hapo yasitoke, wala kwa wazee, wala kwa mke wa mchungaji, wala katika mahubiri. Mchungaji naye awe na mchungaji mwenzake wa kumwendea. Wazee wa kanisa na wainjilisti wafundishwe kusikiliza kabla ya kushauri, kwa sababu anayeharakisha kuleta maji ya kunawia mikono huenda anaikimbia hofu yake mwenyewe. Na mtu akimaliza kusema, asiambiwe kwamba yatapita, wala kwamba asiyawaze sana. Atamkiwe msamaha wa dhambi zake kwa jina la Yesu Kristo, yeye mwenyewe, kwa jina lake la ubatizo, ili Amina yake iweze kutoka.